Je, Diski ya Kache Inafaa Kuharakisha Kompyuta ya Zamani? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kompyuta Kigoma

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi katika maduka ya steshenari ya Mwanga, Gungu na Ujiji, katika ofisi za shule na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ni zile zilizotumika kwanza Ulaya kabla ya kutufikia: Dell OptiPlex za mezani, HP Compaq, na laptopu za ThinkPad au EliteBook zilizotengenezwa kati ya mwaka 2010 na 2015. Ni mashine imara, na prosesa zake bado zinatosha kabisa kwa barua, mahesabu ya Excel, kurudufu vyeti na kujaza fomu za maombi mtandaoni. Kinachowachosha watu ni uzito wake. Mwenye duka huiwasha, akafagia, akapanga karatasi, na akirudi bado haijawa tayari kufungua faili la mteja wa kwanza.

Anayetafuta dawa ya uzito huo siku hizi huambiwa mambo mengi, na mojawapo ni kununua diski ndogo ya kache, yaani kifaa cha GB 16 au 32 kinachofungwa pembeni ya diski ya zamani ili kuiongezea kasi. Jibu langu nalitoa mapema: kwa sehemu kubwa ya kompyuta tulizonazo hapa Kigoma kifaa hicho hakifai, ama kwa sababu hakitafanya kazi kabisa kwenye mashine hizo, au kwa sababu fedha ileile, ikiongezwa kidogo tu, inapata SSD kamili, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ambayo faida yake ni kubwa kuliko ya kache yoyote. Zipo hali chache ambapo kache inastahili, nami nitazieleza kwa haki yake. Lakini uamuzi huu uanze na vipimo, kwa sababu vipuri vyetu vingi vinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa, na anayeagiza kipuri kisichoendana na mashine yake hulipa usafiri wa kukileta, wa kukirudisha, na siku za kazi zilizopotea katikati.

Kache ni nini, na zipi zinauzwa

Kache ni hifadhi ndogo yenye kasi inayokaa mbele ya hifadhi kubwa isiyo na kasi. Programu yake hutazama ni vipande gani vya data vinasomwa mara kwa mara kutoka kwenye diski ngumu, ikavinakili kwenye ile hifadhi ndogo, na vinapohitajika tena huvitoa huko. Ni kama mwenye duka anayeweka sukari na sabuni karibu na mkono wake na kuyaacha magunia mengine stoo: mteja wa sukari anahudumiwa upesi, lakini anayetaka kitu kilichobaki stoo atasubiri vilevile kama zamani.

Usiichanganye kache hii na kache ya prosesa, ambayo imejengwa ndani ya prosesa na hainunuliwi peke yake, wala na ile kache ndogo ya MB 8, 16 au 64 inayotajwa kwenye maelezo ya diski ngumu, ambayo nayo haiongezwi.

Zinazonunuliwa ni za aina nne. Ya kwanza ni ReadyBoost, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, ambapo flashi ya kawaida inachomekwa na Windows inaitumia kama kache. Vista ilikubali GB 4 tu, kisha Windows 7 ikaruhusu hadi vifaa 8, kila kimoja hadi GB 32. Ya pili ni diski mseto, yaani diski ngumu yenye chipu za flashi ndani yake. Seagate Momentus XT ya mwaka 2010, kwa mfano, ilikuwa na GB 500 za diski na GB 4 tu za flashi. Ya tatu ni Smart Response ya Intel, iliyotoka mwaka 2011 pamoja na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za Z68, iliyoruhusu SSD ndogo itumike kama kache hadi GB 64. Ya nne, na ndiyo inayotangazwa zaidi, ni Intel Optane Memory. Ilianza kuuzwa Aprili 2017, ile ya GB 16 kwa dola 44 na ya GB 32 kwa dola 77. Julai 2022 Intel ikatangaza kuwa inaachana na biashara nzima ya Optane, na vilivyobaki sasa vinauzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa, jambo linalowavutia watu wengi bila kujua masharti yake.

Masharti yenyewe ni haya: Optane kama kache ilihitaji prosesa ya Core i3, i5 au i7 ya kizazi cha 7 au zaidi, mazabodi ya mfululizo wa 200 au ya baada yake, sloti ya M.2 (nafasi bapa ya kadi ndogo kwenye mazabodi) inayokubali NVMe, njia ya kasi ya kuwasiliana na diski, na Windows 10 ya biti 64. Mashine ya mwaka 2012 haina hata kimoja kati ya vitatu vya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao.

Kwa nini diski ngumu ndiyo inayochelewesha

Hesabu ndogo inatosha kueleza jambo hili. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Kila kompyuta inapohitaji kipande cha data, kichwa cha kusomea lazima kwanza kisogee hadi kwenye mstari wenye kipande hicho, kazi inayochukua takribani milisekunde 12, kisha kisubiri kipande chenyewe kizunguke mpaka kifike chini yake, wastani wa nusu mzunguko, yaani milisekunde 5 na nusu. Jumla ni kama milisekunde 17 kwa kipande kimoja, hivyo diski hiyo haiwezi kusoma zaidi ya vipande 60 hivi kwa sekunde vikiwa vimetawanyika. Kama kila kipande kina KB 4, hiyo ni KB 240 tu kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea. Hupata kipande chochote kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na kwa kiwango hicho husoma vipande 10,000 kwa sekunde moja bila kujitahidi.

Windows inapowaka, au Word inapofunguliwa, kinachosomwa ni maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika namna hiyo. Ndiyo maana diski ambayo inanakili filamu kwa MB 80 kwa sekunde inaweza kushindwa kufungua kivinjari kwa wakati. Na ndiyo maana pia kache, pale inapokubali, huleta nafuu ya kweli: vipande vilevile vya Windows na Word husomwa kila asubuhi, na hivyo ndivyo inavyovihifadhi.

Hatua ya kwanza: tambua ugonjwa kabla ya kununua dawa

Washa kompyuta, isubiri dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, na uende kwenye kichupo cha Performance. Sasa fanya kazi zako za kila siku bila kubadilisha kitu: fungua Word, fungua kivinjari chenye kurasa zako za kawaida, chomeka flashi ya mteja, chapa. Huku ukifanya hivyo tazama mistari mitatu, wa CPU (prosesa), wa Memory (RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na wa Disk.

Ukiona Disk imegota kwenye asilimia 100 ya muda wake, na chini yake kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, umeiona hesabu ya vipande 60 kwa macho yako. Diski inahangaika kutwa nzima na kutoa kidogo sana. Mashine hii itapona kwa SSD.

Lakini usiishie hapo, tazama Memory pia. Kama kompyuta ina GB 2 au 4 za RAM na matumizi yanapita asilimia 90, Windows hulazimika kuhamishia sehemu ya RAM kwenye diski na kuirudisha kila unapobadilisha dirisha. Disk itagota asilimia 100 hapo pia, ingawa chanzo ni RAM. Hapa ndipo makosa mengi ya utambuzi yanapotokea, na kache ya flashi ilibuniwa hasa kwa ajili ya upungufu huu, katika zama ambazo kompyuta ilikuwa na MB 512 za RAM. Leo tiba yake ni kuongeza RAM yenyewe.

Kama CPU ndiyo iliyo kwenye asilimia 100 wakati Disk na Memory zimetulia, hakuna diski wala kache itakayosaidia. Fungua mashine kwanza ulisafishe feni, kwa sababu vumbi letu la kiangazi huziba mapezi ya kupozea prosesa hadi yakawa kama blanketi jekundu, na prosesa iliyopata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Baada ya hapo tafuta programu inayokula prosesa, ikiwa ni pamoja na virusi vilivyoletwa na flashi za wateja.

Andika namba ulizoziona kwenye karatasi, pamoja na muda ambao mashine inachukua tangu kubonyeza swichi hadi Word kufunguka. Utazihitaji mwishoni.

Hatua ya pili: ijue mashine yako kwa jina

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, na usome jina la mashine na la prosesa. Kwenye prosesa za Intel Core zenye tarakimu nne au tano, namba ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi (zenye tarakimu tatu tu ni za kizazi cha kwanza): i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-4300U ni ya 4, i5-7200U ni ya 7, na zile zenye namba 10 au 11 mwanzoni mwa tarakimu zake ni za kizazi cha 10 au 11. Kama prosesa ni Core 2 Duo, ni ya zamani kuliko hizo zote. Ikiwa umesoma chini ya 7, swali la Optane kama kache limekwisha, na muuzaji asikushawishi vinginevyo.

Rudi kwenye Task Manager, sehemu ya Memory, usome ni sloti ngapi za RAM zimetumika kati ya zilizopo. Kisha zima, ondoa betri, na uifungue mashine uone kwa macho. Kwenye OptiPlex ya kizazi cha 3 utakuta poti za SATA, zile za kuunganishia diski, na nafasi ya diski, lakini hutakuta sloti ya M.2. Kwenye ThinkPad T430 kuna sloti ndogo ya mSATA, ambayo ni tofauti na M.2 kwa umbo, na kifaa cha moja hakiingii kwenye nyingine. EliteBook 840 G1 ina sehemu ya kawaida ya diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na SSD nyingi za SATA zimetengenezwa kwa unene huohuo.

Mafundi wengi hupenda kuuliza kama mashine ni SATA II au SATA III. Jibu ni kwamba lisikuzuie. SATA III hufikia takribani MB 550 kwa sekunde na SATA II huishia kama MB 280, lakini faida kubwa ya SSD iko kwenye vile vipande vidogo vilivyotawanyika, navyo havijazi hata njia ya SATA II.

Hatua ya tatu: amua

Nitaanza na hali ambazo kache inafaa, kwa kuwa ni chache. Ikiwa mashine yako ni ya kizazi cha 7 au zaidi, ina diski ngumu ya TB 1 au 2 iliyojaa kazi zako, kwa mfano picha na video za harusi unazozihariri na kuzitunza, na umepata moduli ya Optane kwa bei ndogo sana au umeikuta tayari ndani ya mashine, basi itumie. Itaharakisha kuwaka kwa Windows na kufunguka kwa programu unazozitumia kila siku. Haitaharakisha kufungua video mpya uliyoinakili jana kutoka kwenye kamera, kwa sababu kache haijawahi kuiona. Hali nyingine ni ya mtaalamu anayeendesha seva ya Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) yenye diski kubwa za bei nafuu; kuna bcache na dm-cache ndani ya Linux tangu mwaka 2013, nazo ni zana nzuri kwa anayezielewa.

Kwa wengine wote, wakiwemo wenye maduka ya steshenari, walimu na makarani wa ofisi, ninashauri SSD kamili ya GB 240 badala ya kache, na zipo sababu zaidi ya kasi.

Tafakari kazi ya duka la steshenari. Nusu ya mafaili yanayofunguliwa kwa siku hutoka kwenye flashi na simu za wateja, hayajawahi kuonekana kabla, na hayataonekana tena. Kache haina la kufanya juu yake. Windows nayo inapopokea masasisho, vipande vingi vilivyohifadhiwa hubadilika, na kwa siku kadhaa mashine hurudia uzito wake hadi kache ijifunze upya. SSD haina siku za kujifunza.

Pili, kache haiponyi diski ya zamani, inaificha. Diski ngumu inayoanza kufa hujitangaza kwa kuchelewa na kukwama, na mwenye mashine akasikia na kuchukua hatua. Ukiifunika kwa kache, vitu vinavyotumika kila siku vitaendelea kufunguka upesi huku mafaili ya mwaka jana yakiharibika kimyakimya. Hili linanisikitisha zaidi kuliko mengine, kwa sababu yanayopotea ni rejista za shule na vitabu vya hesabu vya vikundi, vitu ambavyo hakuna duka la kuvinunua.

Tatu, mfumo wenye vifaa viwili hukwama kimoja kikiharibika. Optane huunganishwa na diski ngumu na kuwa kitu kimoja mbele ya Windows. Mtu akiichomoa moduli kabla ya kuizima kwenye programu yake, mashine inaweza kukataa kuwaka na data ikaingia hatarini. Fundi asiyejua kwamba imo ndani anaweza kufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Nne ni swali la baada ya mashine hii. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Mashine zetu nyingi zitahamia Linux au zitastaafu kabla ya miaka mingi. SSD ya SATA utaichomoa na kuifunga kwenye kompyuta yoyote ijayo yenye nafasi ya SATA, au ukaiweka kwenye kasha la USB ikawa hifadhi ya nje. Moduli ya kache ya GB 16 haina maisha kama hayo.

Kuhusu RAM: kama umeona Memory imepita asilimia 90, anza na RAM hata kabla ya SSD, uifikishe GB 8 ikiwezekana. Zingatia aina. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, na RAM ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 4 zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35, na zikiwekewa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 zinaweza kukataa kuwaka. Lakini DDR3L hufanya kazi pia kwenye mashine za DDR3, kwa hiyo ukiwa na shaka kati ya hizo mbili agiza DDR3L. Kumbuka pia kwamba Windows ya biti 32 haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza. Na ukikuta tangazo la laptopu yenye "memori ya GB 20", uliza vizuri, kwani huenda ni GB 4 za RAM na GB 16 za Optane zilizojumlishwa, na Optane haiongezi RAM hata kidogo.

Kuna hofu kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni ya bei ya chini, imekadiriwa na watengenezaji kuandikwa TB 80. Ofisi inayoandika GB 20 kwa siku, kiasi ambacho wengi wetu hatukifikii, ingehitaji siku 4,000 kukimaliza kiwango hicho, yaani karibu miaka 11.

Hatua ya nne: okoa data kwanza

Pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na ndogo, uone afya ya diski iliyopo. Tazama mistari miwili: Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Mstari wa pili ukiwa na namba yoyote iliyo juu ya sifuri kwenye safu ya Raw Values, acha kila kitu na unakili mafaili yako siku hiyohiyo kwenye diski ya nje, ukianza na yale yasiyo na nakala popote. Usiendeshe programu za kupanga upya diski wala za kuirekebisha kabla ya kunakili, kwa kuwa zinaichosha wakati wa mwisho wake.

Nakala iwe kwenye kifaa kingine, si kwenye folda nyingine ya diski ileile. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, fanya kazi hii mashine ya mezani ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), au laptopu ikiwa na betri iliyojaa.

Hatua ya tano: funga SSD

Kabla ya kufungua mashine una uamuzi mmoja: kunakili diski nzima kama ilivyo, au kusakinisha Windows upya. Faili la kusakinisha Windows ni zaidi ya GB 5, na kwa anayetumia bando la simu hiyo si gharama ndogo, ndiyo sababu wengi hupendelea kunakili. Clonezilla hufanya kazi hiyo bure, ila ina sharti: diski inayopokea isiwe ndogo kuliko inayotoa. Anayetoka kwenye GB 500 kwenda GB 240 lazima kwanza apunguze mafaili, kisha aibane patisheni kwa Disk Management ya Windows iwe ndogo kuliko SSD, na kuchagua kwenye Clonezilla isikague ukubwa. Kama hilo linakutisha, sakinisha upya. Mashine iliyojaa programu za miaka sita hufaidika zaidi kwa kusakinishwa upya, na leseni halali ya Windows 10 iliyokwisha kusajiliwa hufungamana na mazabodi, hivyo kubadili diski hakuiondoi.

Ukiwa tayari, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa betri, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa chaji mwilini. Legeza skrubu za diski ya zamani na uivute taratibu ikiwa sawasawa na poti, bila kuipinda. Ingiza SSD mahali pake mpaka poti ikae yote. Kwenye mashine ya mezani unaweza kuziacha zote mbili, SSD ya Windows na diski ngumu ya mafaili, mradi una waya wa ziada wa SATA na kishikizo cha inchi 2.5, ukikosa kishikizo, SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo kuifunga imara kwa utepe mahali pasipogusa feni hakuidhuru.

Kwenye laptopu yenye DVD unaweza kutoa DVD, ambayo wachache wanaitumia sasa, na kuweka fremu inayobeba diski ya pili. Fremu hizo ni za unene wa milimita 9.5 au 12.7, pima DVD yako kwa rula kabla ya kuagiza. SSD ikae kwenye nafasi kuu, na diski ngumu ya zamani, kama bado ni nzima, iende kwenye fremu. Kwa njia hii unapata kasi ya SSD pamoja na ujazo wa diski ya zamani, jambo ambalo kache iliahidi, na unajua kila faili lako liko wapi.

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe SATA iko kwenye AHCI, hali ya kawaida ya kuendesha diski, lakini ikiwa umenakili Windows iliyokuwa kwenye hali nyingine usibadilishe ghafla, inaweza kukataa kuwaka. Windows ikishawaka, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 maana yake Windows inaiarifu SSD kuhusu mafaili yaliyofutwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Kama bado umechagua kache

Mwenye mashine inayokubali Optane aifunge kwenye sloti ya M.2, aweke BIOS kwenye hali ya Intel RST, asakinishe programu ya Intel na kuiwasha kutoka humo. Kisha aandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kasha: "Kuna Optane, izimwe kwenye programu kabla ya kuchomolewa." Fundi atakayekuja baadaye atashukuru.

Smart Response ina hali mbili. Enhanced huandika kwenye kache na kwenye diski kwa pamoja, na Maximized huchelewesha kuandika kwenye diski ili kuongeza kasi. Kwa umeme wetu chagua Enhanced. Programu zinazotumia RAM kama kache na kuchelewesha kuandika ni za kuepuka kabisa mahali pasipo na UPS, kwa sababu kilicho kwenye RAM hupotea umeme unapokatika.

ReadyBoost angalau haina hatari hiyo: kila kilichomo kwenye flashi kipo pia kwenye diski, hivyo ukiichomoa hupotezi kitu. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha kichupo cha ReadyBoost. Ina maana kwa mashine ya Windows 7 yenye GB 1 au 2 za RAM ambayo haipokei zaidi, wakati mwenye mashine anajikusanya apate SSD. Kwenye mashine ambayo Windows imo ndani ya SSD, mfumo huikataa wenyewe kwa kuwa hakuna cha kuongeza.

Hatua ya mwisho: pima tena

Chukua ile karatasi ya namba za mwanzo na urudie vipimo vilevile, kwa programu zilezile. Muda wa kuwaka ukiwa haujapungua sana baada ya SSD, chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: kama mashine kweli inawaka kutoka SSD na si kutoka diski ya zamani uliyoiacha ndani, kama RAM bado imejaa, na kama SSD yenyewe ni ya kweli, kwa sababu zipo bandia zinazojitangaza kuwa na GB 960 huku ndani mna flashi ndogo. Programu ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena, ikafichua udanganyifu huo, na inafaa kuiendesha mara tu mzigo unapofika, kabla hujaweka data na wakati bado muuzaji anaweza kudaiwa.

Ukiridhika, iache SSD iwe na nafasi tupu ya angalau asilimia 15, hamishia folda za Documents na Pictures kwenye diski kubwa kama unayo, na usiuze diski ya zamani wala kumpa mtu kabla hujaandika juu ya data yake yote. Kwenye Windows amri ya kufomati isiyo ya haraka, ile inayochukua saa nyingi, inafanya kazi hiyo tangu Vista.